Mjuzi wa Samaki Wafu

Zacharia Opiyo alijua samaki. Hilo alilisema mwenyewe, tena bila kuulizwa, na sokoni Thika hakuna aliyembishia, kwa sababu wabishi wote wa soko lile walikuwa Wakikuyu na Wakamba ambao hawakula samaki, wala hawakutaka kupita upande wake upepo ukivuma. Kikapu kikishushwa stesheni kutoka Kisumu, Opiyo alikifunua kidogo, akaingiza pua, akatangaza: "Hawa ni wa Uyoma. Wameanikwa siku ya mawingu." Na mara nyingi ilikuwa kweli. Kasoro ilikuwa moja tu, na hakuiona mpaka alipofika miaka arobaini: samaki wote aliowajua katika biashara yake walikuwa wamekwisha kufa.

Alikuja Thika kukata mkonge. Alipoukata mwaka mzima aligundua kwamba mkonge ndio uliokuwa ukimkata yeye, akaacha. Kikapu chake cha kwanza cha omena, dagaa wa ziwani, alikinunua kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kurudi kwao kwenye maziko. Opiyo alimpa pole ya msiba, akatulia kidogo kama heshima inavyotaka, kisha akamshusha bei. Ndivyo alivyokuwa. Mkewe, Selpha Aoko, ndiye aliyepasua samaki, aliyewatoa matumbo, aliyewatia chumvi na kuwakaanga. Opiyo kazi yake ilikuwa kuongea. Biashara ni mdomo, alisema. Mikono hata nyani anayo.

Mwaka wa hamsini na saba macho yake yalikuwa Ruiru. Kulikuwa na shamba kubwa la kahawa huko, na tangu Hali ya Hatari ianze na vibarua Wakikuyu kuondolewa, laini zake, zile safu za nyumba za wafanyakazi, zilijaa vibarua kutoka upande wa ziwa, watu waliokula unga na maharagwe siku sita na kuota ngege, samaki mtamu wa kwao, siku ya saba. Lakini hakuna mchuuzi aliyevuka geti la shamba bila karatasi yenye sahihi ya bwana, Mzungu mwenye shamba. Mwenye karatasi ile angekuwa na Jumamosi yote peke yake, laini nzima ikimsubiri na sahani mkononi. Opiyo aliitaka karatasi ile kuliko alivyoitaka mbingu. Mbinguni, alisema, hajasikia kama kuna soko.

Basi siku moja ya Machi alimtilia Mbuvi, askari wa geti, ugoro kiganjani, akaruhusiwa kufika jikoni kwa bwana na si zaidi. Alibeba kikapu cha ngege wazuri, zawadi. Mlangoni alimkuta mpishi, Munyao, mtu wa Mwala, Ukambani, ameshika mwiko kama rungu.

"Simama hapo hapo, Jaluo. Hicho kikapu kisivuke kizingiti. Nyoka za maji haziingii jikoni mwangu."

"Nyoka? Hawa ni ngege, mpishi. Bwana wako akionja mmoja, ataacha hiyo nyama yako ya kondoo ngumu kama kiatu."

"Ngege, sijui nguge, yote ni nyoka iliyokatwa miguu."

"Nyoka ana miguu, Munyao?"

"Si ndiyo nakwambia ilikatwa!"

Kelele ile ilimtoa memsahib, mke wa bwana, chumbani. Alikuwa mwanamke mrefu, miwani imefungwa kamba shingoni, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani, kinachotembea bila viungo. Alitazama kikapu, akamtazama mwenye kikapu.

"Wewe najua samaki?"

"Memsahib," alisema Opiyo, "samaki akifikiria tu, mimi nimeshajua."

Laiti angesema "kidogo". Lakini neno "kidogo" halikuwamo katika Kiswahili cha Opiyo isipokuwa wakati wa kununua.

Memsahib alimwongoza mpaka barazani. Pale, juu ya meza ya chuma, palikuwa na tangi la vioo lenye fremu ya chuma, maji yake safi kama ya kunywa, mchanga laini chini, na majani ya kijani yakiyumba. Na mchangani walitambaa kambare sita. Opiyo alibana midomo ili asicheke. Walikuwa wadogo kama kidole gumba! Kitoweo cha paka, na paka mwenyewe awe hana njaa. Lakini walikuwa wameumbwa kwa fujo: ndevu fupi mdomoni, na mbavuni, badala ya magamba, safu mbili za mabati yaliyopandiana kama paa la duka la Mhindi. Memsahib aliwaita koridora. Walitoka mito ya Amerika, wakapita Uingereza, wakaja Nairobi kwa ndege. Opiyo, ambaye alikuja Thika kwa miguu na kwa behewa la daraja la tatu, aliona hapo kuna dharau.

Alipoinama kutazama, mmoja aligeuza jicho lake chini, akalirudisha juu. Kabisa kama mtu anayekonyeza.

"Nafanya hivyo kila siku," alisema memsahib kwa furaha.

Shida yake ilikuwa hivi. Nyumba ilitaka kupakwa rangi, ndani na nje, na harufu ya rangi ingewaua samaki. Yeye na bwana wangekaa Mombasa wiki sita. Munyao, aliyekuwa akiwalisha kila siku huku amegeuza uso, alikuwa anakwenda likizo kwao. Alihitaji mtu wa kukaa nao.

"Mtu huyo unamtazama," alisema Opiyo.

Memsahib alimhesabia masharti kwa vidole, na Munyao akiyarudia nyuma yake kama kiitikio cha kanisani. Maji ya bomba yakae ndani ya debe siku nzima kabla ya kutumika. Kila wiki atoe debe moja la zamani, atie moja jipya, si zaidi. Chakula kidogo, minyoo iliyokatwa, kinachobaki kiondolewe kabla hakijaoza. Mchanga uwe laini, wasije wakaumia ndevu. Na chumvi isiwaguse hata punje.

"Sita naenda Thika, sita narudi," alimaliza. "Mimi naona sita hai, bwana nasaini karatasi yako ya geti. Mimi naona tano..." Alitikisa kichwa, hakumaliza.

Katika maisha yake Opiyo hakuwahi kupata biashara rahisi namna ile. Kwa sababu ya mazoea alitaka kuomba kitu zaidi, lakini hakuona cha kuomba.

"Jaluo," alinong'ona Munyao wakati tangi likipakiwa kwenye gari la shamba, "hao si wa kukaanga."

"Wewe usiyekula samaki utanifundisha samaki?"

"Mimi siwali. Ndiyo maana wako hai."

Walipofika Kamenu, mtaa wa Thika alikokaa, Opiyo aliingiza mkono ndani ya debe walimosafirishiwa samaki awahamishe mwenyewe, mbele ya majirani wote. Mkono huo ulikuwa umebeba mumi, kambare wa ziwani, wa ratili ishirini bila kutetemeka. Wa kwanza kati ya wale sita alitanua miiba ya mapezi, akamdunga kidoleni, na mjuzi wa samaki akaruka akipiga ukelele: "Yawa!" Majirani walishangilia. Selpha alichukua bakuli, akawateka mmoja mmoja pamoja na maji, bila neno.

Siku ya pili Opiyo aliona jambo. Kambare mmoja aliondoka chini ghafla, akapaa wima mpaka juu, akapiga funda moja la hewa, akarudi mchangani mbio. Kisha mwingine. Kisha wa tatu.

"Mama Idah! Njoo! Nimewajua hawa."

Idah alikuwa binti yao, wakati huo akisoma kwa nyanya yake Uyoma, kwao ufuoni.

"Umewajua nini?"

"Wanapumua hewa. Ni ukoo wa kamongo."

Kamongo, kwa asiyemjua, ni samaki mrefu wa ziwa la kwao Opiyo, ambaye hupanda juu kuvuta pumzi kama mtu. Kiangazi kikikausha maji, yeye hujizika topeni akalala, hali wala hanywi, mpaka mvua irudi.

Selpha aliinama, akatazama kwa muda. "Kamongo ana mabati mgongoni?"

"Huyu ni kamongo wa ng'ambo. Kule kuna baridi, lazima avae."

"Memsahib alisema kuna tope?"

"Memsahib anajua samaki wa kopo. Mimi nimezaliwa ufuoni, Mama Idah. Kamongo bila tope ni kama mtu bila kitanda. Tutawapa tope, tutapunguza maji, watalala wiki zote sita. Siku ya kurudisha nawaamsha."

Ukweli ni kwamba bomba lilikuwa mbali na foleni yake ilikuwa ndefu, na minyoo ilikuwa ya kuchimbwa. Elimu iliyompunguzia mtu kazi zote hizo isingeweza kuwa ya uongo. Alikwenda mto Chania, akarudi na ndoo ya tope jeusi lenye harufu ya majani yaliyooza, akalimimina juu ya mchanga laini uliosafiri kwa gari kutoka Ruiru. Kila siku mbili alichota maji kidogo akayamwaga uani. Watu waliokuja kutazama aliwaeleza habari za kamongo, na kila alipozieleza aliziamini zaidi.

Kambare hawakulala. Walikaa juu ya tope, ndevu zimewalegea, wakipanda kuvuta hewa mara nyingi kuliko mwanzo. Opiyo alisema wanajiandaa.

Siku ya kumi na mbili, maji yakiwa kimo cha shibiri moja tu, alikuta wawili wamegeuza matumbo juu.

"Hao nao wamelala?" aliuliza Selpha.

Opiyo aliingiza mkono. Aliwatoa, akawapindua, akawanusa kwa mazoea. Kwa mara ya kwanza tangu awapokee aliwafahamu vizuri: walikuwa samaki wafu, mali ya fani yake. Wanne walibaki, na memsahib alisema sita.

Mtu mwenye aibu angekwenda Ruiru kuungama. Opiyo alikunja suruali, akachukua kichungio cha chai cha mkewe, akaingia Chania mchana wa saa nane kutafuta vikambare viwili vya kujazia. Wanawake waliokuwa wakifua walimwuliza kama amepoteza pete. Mwanamke mmoja, Wamboi, muuza viazi wa sokoni, alimpigia kelele toka ng'ambo: "Baba Idah, sasa samaki unawachuja?" Baada ya saa mbili alikuwa amepata chura mmoja, naye hakuwa na ndevu.

Alipokuwa akipanda kurudi, mvua ya masika ilimpiga mpaka mfupani. Nyumbani alikuta madebe ya Selpha chini ya paa yamefurika. Akatazama tangi, wale wanne walikuwa wanapanda na kushuka, wanapanda na kushuka. Hapo maarifa yote ya ufuoni yalimwacha. Alikomba tope kwa sahani, akalitupa nje, akashika debe la kwanza la maji ya mvua, baridi kama chuma cha asubuhi, akamwaga.

"Memsahib alisema kidogo kidogo!" alilia Selpha.

"Memsahib hayupo na samaki wanakufa!"

Akamwaga la pili. Akamwaga la tatu. Kambare walishtuka, wakatulia, halafu wakaanza kukimbizana. Watatu wembamba walimfukuza mmoja mnene, kona hadi kona, kiooni, chini, juu, mabati yaking'aa kama mapya. Opiyo alikaa juu ya kigunia cha chumvi, kichwa mikononi.

"Wanakata roho," alisema. "Ndiyo mwisho. Kwaheri karatasi."

"Kwa watu wanaokata roho wana mbio," alisema Selpha, naye hakuondoka pale kiooni.

Asubuhi kioo kilikuwa na vidonda. Ndivyo Opiyo alivyoona: vidoa vyeupe, zaidi ya arobaini, vimegandamana kwenye kioo kama punje za mtama. Alichukua kitambaa.

Mkono wake ulidakwa kabla haujafika.

"Ukipangusa hapo, Baba Idah, leo narudi Uyoma."

"Ni ukurutu! Umeingia na yale maji ya paa!"

"Ukurutu! Miaka kumi na miwili napasua samaki, wewe umesimama kando unaongea. Tumbo la samaki nalijua kuliko tumbo lako. Haya ni mayai. Nilimwona mama yao jana akiyabeba kwa mapezi ya tumboni, kama mtu aliyebeba machungwa kwenye upindo wa nguo, akaenda kuyabandika."

Opiyo alitazama. Wakati akitazama, kambare mmoja alipita kwa utulivu, akala yai moja, akamkonyeza.

Selpha hakungoja. Kwa wembe aliyabandua mayai yaliyobaki, akayatia kwenye sufuria yake ya ugali iliyojaa maji ya tangini.

"Na ugali tutapika wapi?"

"Pika mdomoni mwako. Kuna nafasi."

Tangu siku ile mambo ya samaki hayakuwa tena ya Opiyo. Alipewa kazi mbili: kupanga foleni ya bomba, na kukaa kimya. Selpha aliuosha mchanga, akaurudisha, akafuata masharti ya memsahib moja baada ya jingine, debe moja kwa wiki, maji yaliyolala siku nzima. Mayai mengi yaliota ukungu akayatoa. Siku ya tano mengine yalipasuka, na humo vikatoka vitu kama nukta zenye mkia. Alivilisha kiini cha yai la kuku, kilichochemshwa na kukamuliwa kwenye kitambaa mpaka kikawa vumbi la majini. Vingi vilikufa. Kumi na moja vilibaki, na wiki ya mwisho ilipofika vilikuwa vya ukubwa wa punje ya mchele, vina ndevu tayari, vina mabati tayari, vinachimba chini ya sufuria kwa bidii kama vibarua wa kulipwa kwa siku.

Gari la shamba lilikuja. Selpha alipakata sufuria miguuni njia nzima mpaka Ruiru. Opiyo alikaa nyuma na tangi, akipanga maneno.

Barazani palinuka rangi mpya kidogo tu. Memsahib aliinamia tangi kabla hajasalimu. Midomo yake ilihesabu. Ilihesabu tena.

"Nne," alisema.

Munyao, aliyerudi kutoka Mwala amenenepa, alikohoa kikohozi kirefu chenye maana.

"Memsahib," alisema Opiyo, "uliniachia sita. Mimi nakurudishia kumi na tano." Akampa Selpha ishara, na Selpha akaweka sufuria mezani.

Memsahib alivua miwani, akaivaa. Alikaa chini sakafuni, gauni na yote, sufuria mbele yake. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa mekundu.

"Miaka tatu," alisema. "Mimi najaribu miaka tatu. Hapana zaa. Wewe... wewe nafanya namna gani?"

Opiyo alisafisha koo. Hapo palikuwa nyumbani kwake, mahali pa kuongea.

"Memsahib, hii ni siri ya ukoo wetu. Babu yangu..."

"Ngoja!" Memsahib alikimbia ndani, akarudi na daftari na kalamu. "Sema pole pole. Mimi naandika yote. Mwezi kesho naleta sita ingine kwa ndege, na wewe nakuja hapa, nafanya mbele ya macho yangu. Kila kitu. Sawasawa."

Kalamu ilisubiri. Opiyo aliona ndoo ya tope la Chania ikimiminwa juu ya baraza hii iliyopakwa rangi, memsahib akiandika, na samaki sita wapya wa ndege wakigeuza matumbo mmoja baada ya mwingine. Alikuwa ameuza vitu vingi vilivyooza katika maisha yake, lakini alijua kanuni moja: kilichooza uza na uondoke, usimwuzie mtu utakayerudi kwake kila Jumamosi.

"Memsahib," alisema, na sauti ilitoka ndogo, "niliwatia tope."

"Tope?"

"Nilidhani ni kamongo."

Akasema yote. Tope, maji yaliyopungua, wale wawili, kichungio cha chai, chura, maji baridi ya mvua, kitambaa. Alipofika kwenye chura, Munyao alikuwa ameshika nguzo ya baraza kwa mikono miwili.

"Aliwapa tope!" alilia. "Mwenye kujua samaki akifikiria! Aiya, mama yangu, mimi ninayeogopa nyoka sijawahi kuwapa tope!"

Memsahib hakucheka. Alikuwa akiandika haraka. "Maji nakuwa kidogo," alisema peke yake, "kama kiangazi. Halafu mvua. Baridi. Ndiyo! Kule kwao mvua nakuja, na samaki nazaa." Aliinua kalamu. "Tope hapana. Lakini mvua, ndiyo. Na nani nasema hii ni mayai?"

Opiyo aliangalia viatu vyake. "Huyu," alisema.

Memsahib alimtazama Selpha kana kwamba ndiyo kwanza ameingia. Alimwuliza juu ya wembe, juu ya kiini cha yai, juu ya kitambaa, na Selpha alijibu kila swali kwa maneno matatu au manne, kama alivyozoea kujibu maswali nyumbani.

Karatasi ililetwa jioni ile ile, ina sahihi ya bwana. Opiyo aliipokea kwa mikono miwili. Mbuvi, aliyekuwa amesoma mpaka darasa la nne, ndiye aliyeisoma getini, kwa sauti, mbele ya foleni ya vibarua waliokuwa wakitoka kazini: "Ruhusa. Selpha Aoko, muuza samaki. Kila Jumamosi. Pamoja na mchukuzi mmoja."

Iko hivyo mpaka leo. Kila Jumamosi Selpha hupita mbele na karatasi, na Mbuvi humpigia saluti. Nyuma huja vikapu viwili, na chini ya vikapu kuna mtu anayehema.

"Na huyu ni nani?" huuliza Mbuvi, aliyemfahamu miaka mingi na kuvuta ugoro wake mwingi.

Vibarua husubiri jibu, sahani mkononi. Hawapendi kulikosa.

"Mchukuzi," husema Opiyo.

"Pita, Kamongo."